Nafuta kwa mstari mmoja tangazo nililoliandika mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki tatu zilizopita gazeti lako lilichapisha tangazo la kifo cha shangazi yangu. Mlilitoa kama nilivyolileta, hata koma hamkuigusa, kwa hiyo barua hii si lawama kwenu. Makosa ni yangu. Niliandika alfajiri ileile, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, na kwa kuwa mimi ni mhasibu, mkono wangu umezoea kupunguza. Ukiondoa jina lake, tangazo lilikuwa na maneno 22: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha shangazi yetu, muuguzi mstaafu, aliyefariki akiwa na miaka 79 baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hakuacha mtoto."

Nimelisoma tena baada ya mazishi, mambo yalipotulia. Lina makosa matatu. Angekuwa hai angeniita, angelilaza gazeti mezani, angeweka kidole juu ya kosa la kwanza na kunyamaza mpaka nilione mwenyewe.

Shangazi alikuwa na sheria kuhusu kosa la maandishi, na wauguzi watakaosoma barua hii wanaijua. Kosa kwenye kadi ya mgonjwa halifutwi kwa raba. Halipakwi wino likapotea, wala ukurasa hauchanwi. Unapitisha mstari mmoja juu yake, ili anayeingia zamu baada yako aweze kusoma kilichokuwepo, unaandika kilicho sahihi pembeni, unaweka saa na sahihi yako. Ndivyo ninavyoomba kufanya hapa.

Neno la kwanza ni "mstaafu".

Aliagwa kazini, hilo ni kweli. Baada ya miaka 36 walimpa saa ya ukutani, jambo lililomchekesha kwa sababu maisha yake yote alikuwa na saa yake ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili avaaye aisome bila kuigusa. Saa ya ukutani aliigawa wiki ileile. Tulidhani kiinua mgongo kitakwenda kwenye paa la nyumba yake, ambalo lilikuwa linavuja. Akanunua kiti cha magurudumu, magongo jozi nne, kiti cha choo cha mgonjwa, mashine mbili za kupimia presha, na godoro lenye mfuniko usiopitisha maji. Paa lilisubiri miaka miwili mingine, na ndoo ikaendelea kukaa koridoni chini ya tundu.

Vitu vile vilikuwa vya kuazimwa. Mtu akivunjika mguu mtaani, au mzee akitoka hospitali hajiwezi, mtoto anatumwa kwa Shangazi, na magongo yanatoka. Mimi, kwa elimu yangu, nilimshauri atoze dhamana kidogo, walau wenye nazo, ili vitu visipotee. Alinitazama kama mtu aliyeleta kipimo kibaya.

"Aliyevunjika mguu hakimbii na magongo yangu," akasema. "Na akiweza kukimbia nayo, si amepona?"

Daftari lake la kuazima ninalo hapa. Safu mbili tu, "yametoka" na "yamerudi". Hakuna safu ya deni. Siku alipokufa, vitu sita vilikuwa nje.

Usije ukadhani, Ndugu Mhariri, kwamba alikuwa mtu mpole. Ukarimu wake haukuwa na tabasamu nyingi. Majirani walikuja asubuhi kupimwa presha, na kwanza aliwakalisha dakika tano bila neno: mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono umelazwa juu ya meza ulingane na moyo, hakuna kukunja nne. Anayeanza kuzungumza alianzishiwa dakika tano upya. "Presha haipimwi na umbea," alikuwa akisema, na kulikuwa na mama mmoja aliyekaa karibu saa nzima kwa ajili hiyo. Vidonge hakumpa mtu hata siku moja. Waliokuja na dawa zilizobaki za mtoto wa jirani, wakiuliza kama zitamfaa na wa kwao, waliondoka masikio yakiwaka moto. Kazi yake, alisema, ni kujua nani aende hospitali leo na nani anaweza kusubiri kesho, na hiyo peke yake inatosha kumchosha mtu.

Mwenye mtoto anayeharisha hakumwambia "changanya sukari na chumvi". Alimwita ndani, akamsimamisha mezani, na kumtaka aandae mwenyewe huku anaangaliwa: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko. Kila kijiko kilipanguswa juu kwa mgongo wa kisu kiwe sawasawa, kisiwe na kilima. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, sukari ikizidi inamzidishia kuhara. Alikuwa anaonja mwisho, na kama ilikuwa na chumvi kuliko machozi, ilimwagwa ikaanzwa tena. Nimeona mama akilia kwa ukali huo. Nimemwona mama huyohuyo mwaka uliofuata akimsimamia mwenzake mezani, kisu mkononi.

Kuhusu kunawa mikono sitasema mengi kwa sababu tukianza hapo hatumalizi. Niseme tu kwamba alimtaja Ignaz Semmelweis kama mtu anavyomtaja shemeji aliyedhulumiwa. Huyo ni daktari ambaye mwaka 1847, huko Vienna, aliwataka wenzake wanaotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwashika wanawake wanaojifungua. Vifo vya wazazi vikashuka sana, na bado wenzake wengi wakamkataa. Alifia katika nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka 1865. "Na wewe unaniambia sabuni imeisha," Shangazi alimalizia kila mara, akimtazama yeyote aliyekuwa karibu na beseni.

Baba yangu, kaka yake mkubwa, alipopata kiharusi, Shangazi alikuwa na miaka 68. Alihamia kwetu na begi moja. Kesho yake asubuhi, ukutani juu ya kitanda cha Baba, palikuwa na karatasi yenye mistari: kulia, mgongo, kushoto, kulia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, vinginevyo uzito wake mwenyewe unambana damu kwenye nyonga, kisigino na mwisho wa uti wa mgongo, na ngozi inakufa. Alitupanga zamu, watoto wa Baba wote, pamoja na mdogo wetu aliyekuwa na mitihani. Zamu ikiisha huondoki hivihivi. Unamkabidhi anayeingia: amekunywa kiasi gani, amekojoa mara ngapi, amelalia upande gani, kisigino kikoje. Kisha unatia sahihi.

Usiku mmoja zamu ya saa nane ilikuwa yangu, nikapitiwa na usingizi. Niliamka saa kumi kasoro. Nikamgeuza Baba haraka, nikaandika "saa 8:00, kushoto", nikatia sahihi. Shangazi aliingia alfajiri. Hakusoma karatasi kwanza. Aliingiza mkono chini ya nyonga ya Baba, akautuliza pale kama anayesikiliza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, alinieleza baadaye. Unapapasa joto, unapapasa ugumu, unalinganisha na nyama ya pembeni. Ndipo akasoma karatasi. Akachukua kalamu, akapitisha mstari mmoja juu ya maneno yangu, akaandika pembeni "hakugeuzwa", akanipa kalamu nitie sahihi.

Nilitegemea kufokewa. Alisema tu, "Kosa likiandikwa, anayekuja analitibu. Ukilificha, unamwachia mgonjwa alibebe peke yake."

Siku tatu zilizofuata hatukumlaza Baba upande ule hata kidogo, na ngozi ikarudi. Alikaa kitandani miezi minane mpaka alipofariki, na alizikwa bila kidonda. Mtu aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kulala nyumbani anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Miaka 68, ameinama juu ya kaka yake mara nne kila usiku wa zamu yake: huyo nimemwandika "mstaafu".

Sasa "hakuacha mtoto".

Hakuzaa. Hilo lilikuwa jambo lake, na aliyediriki kumuuliza hakurudia. Lakini watu husema shangazi ni baba wa kike, na sisi watoto wa kaka zake tulikuwa kumi na mmoja. Angalia tu tangazo lenyewe lilivyojipinga: mstari wa kwanza "shangazi yetu", mstari wa mwisho "hakuacha mtoto". Mimi ninayelipwa kutafuta hesabu zisizolingana sikuliona hilo.

Ukigeuza daftari lake la kuazima na kuanza kusoma kutoka nyuma, unakuta orodha nyingine. Juu ameandika neno moja, "Watoto", kwa ule mwandiko wake wa kadi za wodini. Chini yake majina, na mbele ya kila jina tarehe: chanjo ya kifua kikuu alipozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua miezi tisa. Nimehesabu majina 43. Kumi na moja ni sisi, tulionakiliwa kutoka kwenye kadi zetu za zamani, kwa nini sijui, kwani mimi nina miaka 55 na surua haitanipata tena kwa kuchelewa. Wengine ni watoto wetu. Waliobaki, zaidi ya nusu, si ndugu zetu hata kidogo. Ni watoto wa watu waliopita kuazima magongo. Tarehe ikikaribia alikuwa anatuma ujumbe kwa mama wa mtoto, na mama asipokwenda, alikwenda yeye kumchukua. Jina moja limepigwa mstari mmoja juu yake, na pembeni kuna tarehe na saa. Sikutaka kuuliza watu ni la nani.

Tulipokuwa wadogo tuliogopa sindano kama watoto wote, na enzi zake za mwanzo zilikuwa za kuogopwa kweli, mabomba ya kioo na sindano zilizochemshwa ili zitumike tena. Hakutuambia haiumi. Alitusimulia habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida, mwaka 1977. Alikuwa anafanya kazi hospitalini, chanjo ipo mlango wa pili, akaikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Akapona, kwa bahati, na baadaye akawa anawahimiza wazazi wapeleke watoto kwenye chanjo ya polio. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imetoweka duniani. Shangazi alisimulia haya huku anakupangusa mkono na pamba, na alipofika "mlango wa pili" sindano ilikuwa imeshatoka. Mpaka leo sijui kisa kile kinaishaje ukikisikiliza bila kuchomwa.

Binti yangu ndiye aliyenifanya nijue neno "hakuacha mtoto" lilivyo la uongo. Alikuwa na miezi saba, anakohoa, ana joto, mama yake na mimi tumeamua tungoje kukuche. Shangazi alikuwa amekuja kwa jambo lingine kabisa. Alimfunua shati, akamlaza mapajani, akaishika saa yake ya kifuani, akatutaka tukae kimya. Alihesabu pumzi dakika nzima. Nusu dakika mara mbili haimtoshi mtoto, maana pumzi zake hazifuatani sawa. Pumzi 58. Mtoto wa umri ule akifika 50 kwa dakika, ni haraka mno. Mwenye mwaka mmoja hadi mitano, 40. Kisha akanionyesha kwa kidole jinsi chini ya mbavu palivyokuwa panabonyea ndani kila anapovuta. Nikasema gari halina mafuta ya kutosha, tungoje asubuhi. Hakubishana. Alimfunga mgongoni, akatoka mlangoni. Ilikuwa nimonia, na daktari aliyetupokea alituuliza nani aliyehesabu.

Binti huyo sasa ana miaka 24. Ndiye aliyenirudishia gazeti lenye tangazo, amelikunja pale kwenye mstari wa mwisho, hakusema kitu.

Kosa la tatu ni fupi na ndilo linaloniuma zaidi: "baada ya kuugua kwa muda mfupi".

Kurasa za katikati za daftari lilelile zina namba tu. Tarehe, na kilo. Kila asubuhi, miezi 14. Moyo ulikuwa umechoka, maji yanajaa mwilini, na mwenye hali hiyo hujipima uzito kila siku akiamka, kwa sababu kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu si chakula, ni maji. Mahali palipoongezeka hivyo amepazungushia duara. Kuna maduara saba. Alikuwa anakwenda kliniki peke yake, anarudi, anawapima wengine presha. Siku za duara la tano, nikirudi nyuma kwenye kalenda, alikuwa kwangu kwenye sherehe ya binti yangu, na nilimtania kwamba ameanza kunenepa.

Yule aliyenifundisha kwamba kosa likifichwa mgonjwa analibeba peke yake, alilibeba peke yake. Nimekaa na hasira hiyo wiki tatu. Najua angejitetea vipi: aliandika, hakuficha, daftari lilikuwa juu ya meza siku zote na hakuna aliyelifungua. Ni kweli. Lakini kukabidhi zamu ni kusema kwa mdomo, na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Hapa na yeye nampitishia mstari.

Usiku wa mwisho muuguzi wa zamu alikuwa kijana, ana wagonjwa wengi, na alipopita kitandani kwetu Shangazi alifumbua macho akamwangalia mikono. Yule kijana alirudi kwenye sinki akanawa. Hakuna aliyesema neno, ila nilimwona anatabasamu kidogo akijifuta. Baadaye saa ile ya kifuani ilikuwa mkononi mwangu. Nilihesabu. Dakika nzima, si nusu. Nilihesabu tena na tena mpaka alfajiri, nikaandika kila mara kwenye mgongo wa bahasha, na zamu hii sikulala.

Watu wamekuwa wakinipigia kuuliza magongo wayarudishe wapi. Jibu ni kwamba yakae kwenu mpaka mpone. Mkishapona, yarudi nyumba ileile, paa lilitengenezwa zamani. Daftari namkabidhi binti yangu. Kiti cha choo kimoja na jozi moja ya magongo vipo ndani, atakayehitaji aje.

Na tangazo, Ndugu Mhariri, naomba lisomeke hivi:

Familia inasikitika kutangaza kifo cha shangazi yetu, muuguzi, aliyefariki akiwa na miaka 79 baada ya kuugua miezi 14 bila kutuambia. Ameacha watoto 42.

Imesahihishwa saa 3:40 usiku, na mimi niliyekosea,

Mtoto wa kaka yake